Ua la Usambara chini ya jua la Texas

Lilichumwa Tanga mwaka 1892. Leo humea madirishani Dallas, Fort Worth na Houston, lakini wengi wanaolitunza hawajui kwao ni wapi. Na baadhi yetu tuliozaliwa kwao hatukulijua pia.

Leo nakualika tufuatane katika safari ya ua moja dogo, na makala yetu inaanza na picha mbovu.

Mwaka 2003 nilikuwa Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani, nikiandaa vipindi juu ya maisha ya watu wa Afrika Mashariki wanaoishi huko. Jioni moja, katika duka la vyakula, niliona safu ya vyungu vidogo vya maua kando ya rafu za mikate. Majani yalikuwa manene, yenye vinyweleo laini, na katikati yake yalichomoza maua ya urujuani yenye kitovu cha manjano. Kibandiko kilisema tu kwamba ni urujuani wa Afrika. Nilinunua chungu kimoja kwa sababu ya hilo jina la Afrika, nikakichukua nyumbani kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Siku hiyo hiyo nililipiga picha ua langu kwa kamera ya filamu, nikaisafirisha picha kwa barua hadi Muheza, mkoani Tanga, kwa mama yangu mzazi, nikimwuliza kama analifahamu. Kisha, kwa kuwa niliamini kwamba ua la Afrika ni ua la jua, nikaliweka nje barazani. Ulikuwa mwezi wa Julai. Siku ya tatu majani yalikuwa yamebabuka, na siku ya tano sikuwa na ua tena.

Barua ilipofika, mama alinijibu kwa simu. "Mwanangu," alisema, "ua hili la rangi ya waridi mimi silijui." Nilishangaa, kwani ua langu halikuwa la waridi. Nikamweleza: Mama, rangi yake ni urujuani, majani yana manyoya, kikonyo kina maji. Akacheka. "Basi si ndilo lile la kwenye majabali ya Zigi? Mbona ulikuwa ukilipita kila likizo ukienda kwa bibi yako?"

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, nilibakiwa na maswali matatu. Kwa nini ua la Afrika life kwa joto? Kwa nini kamera iliniongopea rangi? Na la tatu, lililonikera zaidi ya hayo mawili: imekuwaje mimi niliyezaliwa chini ya mlima wenyewe nikatambulishwa ua la kwetu na duka la Dallas?

Zanzibar ilitangulia

Ili kujibu maswali hayo inatupasa turudi nyuma, na kituo chetu cha kwanza ni Unguja. Ua la Usambara halikuwa la kwanza kutoka katika pwani yetu na kuingia katika bustani za ulimwengu. Lilitanguliwa na jingine, ambalo mpita njia huliona Houston na Dallas likiwa limepandwa kwa mamia katika vivuli vya miti, jekundu, jeupe, la waridi na la rangi ya chungwa. Wataalamu huliita Impatiens.

Mwaka 1882 Joseph Hooker, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Kew karibu na London, alilitangaza ua hilo kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Aliyekuwa katika kiti cha enzi wakati huo ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888. Mmea wenyewe ulifika Kew kwa mkono wa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza mjini Zanzibar. Wengi wetu tumemsoma Kirk shuleni kwa sababu ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Lakini Kirk alikuwa pia daktari, na zaidi ya hayo alikuwa mtaalamu wa mimea.

Na alikuwa mpiga picha. Katika msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, kati ya mwaka 1858 na 1863, Kirk alipiga picha za mandhari, miti na makazi ya watu. Baadhi ya picha hizo zimehifadhiwa hadi leo. Kupiga picha wakati ule katika nchi za joto ilikuwa kazi ya subira kubwa. Mpiga picha alibeba dawa zake mwenyewe na hema la giza, na joto na vumbi viliharibu alichokipata. Na hata picha ikifaulu, ilikuwa ya kahawia na nyeupe. Kwa ua, hiyo ni nusu ya habari. Ndiyo maana Wazungu waliotaka kuonyesha ua jipya walitegemea mchoraji, na michoro ilipakwa rangi kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

Baadaye wataalamu waligundua kwamba ua la Sultani na ua jingine lililopewa jina na Hooker huyo huyo mwaka 1868 ni mmea mmoja. Jina hilo la kwanza lilitokana na Horace Waller, mmisionari aliyekuwa rafiki wa Livingstone. Kwa desturi ya sayansi jina lililotangulia ndilo linaloshika, basi leo ua hilo huitwa Impatiens walleriana. Sultani akaondoka katika kibandiko, mmisionari akabaki.

Kutoka Tanga hadi Hannover

Miaka 10 baada ya ua la Zanzibar ikawa zamu ya Tanga. Yatupasa tukumbuke ulikuwa wakati gani. Vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimekwisha, na kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alikuwa amenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Mkuu wa wilaya aliyewekwa na Wajerumani katika eneo la Usambara alikuwa mtu wa ukoo wa kibwanyenye, Baron Walter von Saint Paul-Illaire.

Mwaka 1892 Saint Paul alilikuta ua hilo katika mahali pawili: karibu na mji wa Tanga, penye miamba ya chokaa na miti, na tena katika msitu wa asili wa milima ya Usambara. Wenyeji walilipita kila siku, lakini wao hawamo katika kumbukumbu iliyoandikwa. Saint Paul alipeleka mbegu kwa baba yake, Ulrich, aliyekuwa mpenzi wa mimea huko Fischbach, katika nchi ya Silesia ambayo leo ni sehemu ya Poland. Baba naye akampa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover.

Mwaka 1893 Wendland aliliita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni jina la ukoo wa waliolileta. La pili, kwa Kigiriki, lina maana ya ua linalofanana na urujuani wa Ulaya. Mwaka huo huo lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, nayo kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, ya Erfurt, ikaanza kuliuza.

Hapa, mpenzi msikilizaji, kuna jambo la kuzingatia juu ya majina. Wajerumani katika mazungumzo ya kawaida huliita urujuani wa Usambara, hadi leo. Bibi kizee wa Berlin ambaye hajawahi kuiona Afrika hutaja Usambara kila anapomwagilia chungu chake. Waingereza na Wamarekani, kwa upande wao, waliliita urujuani wa Afrika. Mlima mmoja ukameza jina la bara zima, au tuseme bara zima likaumeza mlima. Na ukweli ni kwamba wala si urujuani: halina undugu na ua lile la Ulaya. Kibandiko nilichokisoma Dallas kilikuwa na maneno mawili tu ya maana, na moja lilikuwa kosa, la pili lilikuwa pana mno.

Jani ndani ya bahasha

Marekani ililipokea ua hilo kwa nguvu katika miaka ya 1920. Mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles, kampuni ya Armacost na Royston, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Katika miche yao walichagua aina 10 zilizo bora, wakaanza kuziuza mwaka uliofuata. Aina hizo 10 ndizo mizizi ya sehemu kubwa ya maua haya yaliyoenea Marekani.

Lakini hayakuenezwa na maduka peke yake. Mmea huu una tabia moja ya ukarimu: jani lake moja, likichomekwa katika mchanga wenye unyevu, hutoa mizizi na kuzaa mche mpya. Kwa hiyo mama wa nyumbani alimpa jirani jani, jirani akampa dada yake, na dada akalituma kwa posta. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo waliunda chama chao mjini Atlanta, chama cha urujuani wa Afrika cha Marekani. Chama hicho hutoa jarida, husimamia mashindano, na ndicho kilichokabidhiwa kazi ya kuandikisha majina ya aina mpya duniani kote.

Na ofisi zake zimekuwa wapi kwa miaka mingi? Si katika jiji lenye baridi la kaskazini, bali Beaumont, mji wa mafuta na bandari ulioko kiasi cha kilomita 135 mashariki ya Houston, penye joto na fukuto linalomfanya mgeni kutoka Tanga ajisikie nyumbani.

Joto si moja

Hapo ndipo swali langu la kwanza linapopata jibu. Sisi husema nchi ya joto kana kwamba joto ni moja. Mtunza bustani wa Texas anajua kwamba joto lina mila zake, na kila mahali lina mila tofauti.

Dallas na Fort Worth ziko bara. Kiangazi chake ni kikavu na kikali. Mwaka 1980 joto lilifika nyuzi 45 za Selsiasi siku mbili mfululizo, tarehe 26 na 27 Juni, na kwa siku 42 zilizofuatana halikushuka chini ya kilele cha karibu nyuzi 38. Mwaka 2011 zilihesabiwa siku 71 za namna hiyo. Halafu katika majira ya baridi upepo wa kaskazini hushuka bila taarifa. Tarehe 16 Februari 2021 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Udongo nao ni mfinyanzi mweusi wenye chokaa, unaopasuka wakati wa ukame na kunata kama ulimbo wakati wa mvua.

Houston iko karibu na ghuba ya Mexico. Mvua yake kwa mwaka huzidi milimita 1,200, hewa ni nzito, na usiku wa Agosti haupoi. Huko ua halifi kwa kiu, bali kwa kuoza mizizi na kwa ukungu.

Sasa linganisha na Amani, katika Usambara Mashariki, penye mwinuko wa kiasi cha mita 900. Mvua ni nyingi zaidi kuliko Houston, lakini wastani wa joto ni kama nyuzi 20 tu. Na ua letu halikai wazi hata huko. Hukaa ubavuni mwa jabali, chini ya miti mirefu, mahali ambapo nuru hufika ikiwa imechujwa mara mbili, na maji hupita bila kutuama. Hata karibu na Tanga mjini, ambako ni pwani na joto ni kali, lilikutwa penye miamba na kivuli. Mimi nililitoa katika kivuli cha karne nyingi nikaliweka katika baraza ya saruji ya Texas, kisha nikashangaa kwamba limekufa.

Wakulima wa Texas hawakushangaa. Walijifunza kulijengea ua hilo Usambara ndogo ndani ya nyumba, na vyombo viwili vya karne ya 20 viliwasaidia. Cha kwanza ni taa za tyubu, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1930. Zinatoa mwanga mwingi bila joto kubwa, na wapenzi wa ua hili walizifunga chini ya rafu, chungu juu ya chungu, wakapata maua mwaka mzima hata katika chumba kisicho na dirisha. Cha pili ni kiyoyozi, kilichoenea katika nyumba za Texas baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1965 Houston ilifungua uwanja mzima wa michezo uliofunikwa na kupozwa kwa viyoyozi, Astrodome. Kiyoyozi kilichomwezesha binadamu kustahimili Houston ndicho kilichomwezesha mgeni kutoka Usambara kuishi humo.

Yaliyobaki ni uangalifu. Dirisha liwe la mashariki, lipate jua la asubuhi tu, au la kaskazini. Joto lisipungue sana chini ya nyuzi 18 wala lisizidi 27 kwa muda mrefu. Udongo wa bustani ya Dallas hautumiki kabisa: mmea hupandwa katika mboji nyepesi inayopitisha hewa. Maji hutiwa katika kisahani, mmea ukayavuta kutoka chini, na yawe ya uvuguvugu, kwa sababu tone la maji baridi juu ya jani huacha baka lisilofutika. Ukiyatazama masharti hayo moja moja utaona kwamba yote ni maelezo ya jabali la Zigi kwa maneno mengine.

Je, hakuna ua la kwetu linaloweza kukaa nje katika jua la Texas? Lipo. Pentas lanceolata, linaloota kwa asili tangu Afrika Mashariki hadi Yemen, huchanua Houston na Dallas katikati ya Julai, maua mengine yakiwa yameinamisha vichwa, na vipepeo hulifuata. Hilo ni ua la mahali pa wazi, basi jua la wazi halilitishi.

Nalo ua la Sultani hupandwa nje, kivulini. Kuanzia mwaka 2011 lilipatwa na msiba: ugonjwa wa ukungu ulienea Marekani na kuangamiza bustani nzima kwa muda wa wiki chache, hata maduka mengi yakaacha kuliuza. Wazalishaji wa mbegu walitafuta aina zinazohimili, na kufikia mwaka 2020 zilikuwa sokoni. Moja yao, ya kampuni ya Syngenta, imepewa jina la Imara. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Picha iliyoongopa

Tuje kwenye swali la pili. Kwa nini ua la urujuani liligeuka waridi katika picha niliyomtumia mama?

Nilidhani aliyesafisha picha alikosea. Sivyo. Wapiga picha za maua waliujua mtego huo tangu filamu za rangi zilipoenea, baada ya mwaka 1936. Maua mengi ya buluu na urujuani hurudisha, pamoja na rangi tunayoiona, mwanga mwingine ulioko ukingoni kabisa mwa wekundu, ambao jicho la binadamu halijali. Filamu huujali. Tabaka lake linalopokea wekundu huuona mwanga huo na kuuandika, basi buluu huelekea urujuani, na urujuani huelekea waridi. Jicho na filamu vilitazama ua moja na kutoa ushahidi tofauti.

Kamera za siku hizi zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini tatizo halijaisha. Rangi ya urujuani iliyokolea bado huisumbua kamera, na taa za ndani huongeza fujo. Mwanga wa taa za tyubu, ambao mmea huupenda, katika filamu ya kawaida huacha kivuli cha kijani.

Kwa msikilizaji anayependa kupiga picha maua yake, mafundisho ya Texas ni machache. Piga mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali, au kivulini, kwani jua la mchana huunguza rangi na kuacha weupe mtupu juu ya petali. Weka karatasi nyeupe kando ya ua, upate kipimo cha kusahihishia rangi. Usitumie mmweko wa kamera karibu na ua. Na funga kiyoyozi au feni kwa dakika moja, maana ua linalotikisika halina picha. Lakini kuna fundisho la tano ambalo sikufundishwa na mtu, nami nitalirudia mwishoni.

Hali ilivyo kwao

Wakati ua likistawi madirishani Texas, kwao mambo yalikwenda vingine. Wajerumani walifyeka sehemu za msitu wa Usambara Mashariki kwa ajili ya mashamba ya kahawa, ambayo hayakufaulu sana. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Mwaka 1902 waliunda kituo cha utafiti na bustani ya mimea Amani, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia. Baadaye yalifuata mashamba ya chai, kilimo cha iliki chini ya miti, na katika miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa magogo kwa mitambo, uliosaidiwa na fedha za Finland hadi ukasitishwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Jabali hubaki pale pale, lakini mti uliolitilia kivuli ukianguka, ua hufa kama langu lilivyokufa barazani, na kwa sababu ile ile.

Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ilitangaza hifadhi ya mazingira asilia ya Amani, yenye hekta zipatazo 8,380. Ni hatua kubwa. Hata hivyo baadhi ya jamaa wa ua hili huota katika sehemu ndogo mno, nchini Tanzania na nchini Kenya pia, kama vile msitu wa Mbololo katika vilima vya Taita. Jabali moja likipoteza miti yake, aina nzima inaweza kutoweka mahali hapo.

Na faida? Ua liliondoka Tanga mwaka 1892. Mkataba wa kimataifa unaotambua haki ya nchi juu ya mimea yake ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, miaka 100 kamili baadaye, nao haurudi nyuma kudai deni. Marekani iliutia saini lakini haijauridhia. Ni haki kusema pia kwamba jani lililokwenda kwa bahasha kutoka kwa jirani hadi kwa jirani halikumwibia mtu chochote, na wapenzi wa ua hili ng'ambo wamekuwa wakihifadhi aina za porini pamoja na zile za mapambo. Lakini aina iliyohifadhiwa rafuni Texas si badala ya msitu. Rafu inategemea umeme, na mwezi ule wa Februari 2021 mamilioni ya watu wa Texas walikatikiwa umeme siku kadhaa. Jabali la Zigi halina swichi.

Kuna badiliko moja la karibuni. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza chembe za urithi, walilihamishia ua hili katika jamii ya Streptocarpus. Jina la Saint Paul limeshuka cheo, halipo tena mbele. Hata hivyo hakuna aliyependekeza kupandisha jina la Usambara mahali pake.

Picha ya pili

Mwaka 2006 nilikwenda likizo nyumbani, na mama akanipeleka mwenyewe hadi Zigi. Alitembea mbele, mimi nyuma na kamera. Tulipofika aliweka mkono juu ya jabali lenye ukoga, akaniambia, "Tazama, mwanangu, linakaa hapa." Niliinama kupiga ua karibu, kama nilivyozoea. Kisha nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikapiga ua pamoja na jabali, maji, ukoga na giza la miti. Ua lilionekana dogo sana katika picha hiyo, na rangi yake haikutoka vizuri.

Niliporudi Texas niliichukua picha hiyo katika mkutano wa wapenzi wa ua hili. Walikuwa watu wa makamo kwa wazee, wengi wao wamelitunza kwa miaka 30 na zaidi. Hawakulitazama ua sana. Maua walikuwa nayo, tena makubwa na ya kupendeza kuliko lile. Walitazama jabali. Waliniuliza maji hupita upande gani, ukoga una unene gani, jua hufika saa ngapi. Mmoja aliomba nimwandikie jina la mahali, nikaandika: Zigi, Usambara Mashariki, Tanga.

Hilo ndilo fundisho la tano nililoliahidi, mpenzi msikilizaji. Ukipiga picha ua, baada ya kulikaribia, rudi nyuma hatua chache. Piga na mahali linapokaa, halafu nyuma ya picha andika jina la mahali hapo.